Précieuse Hatumuuzi

Jumamosi, 10 Januari

Dirisha la usajili limefunguliwa leo! Mimi ndiye katibu wa usajili wa Mwewe, timu ya besiboli ya kanisa letu la Wakenya hapa Kings Heath. Cheo kikubwa kwa mtu wa miaka kumi na tano. Nilichaguliwa bila kupingwa. Wambui, mdogo wangu, anasema nilichaguliwa kwa sababu sijui kudaka, na timu ilikuwa inatafuta mahali pa kuniweka ambapo mpira haufiki. Wivu tu.

Kwa ajili ya watakaosoma shajara hii nikiwa marehemu maarufu: besiboli ililetwa kwetu na mhubiri mmoja Mmarekani, aliyerudi kwao akasahau mfuko wa glavu na magongo ukumbini. Hakuna aliyejua anwani yake. Sasa tuna ligi. Ligi ina timu mbili, sisi na Radi ya Kingstanding, ambayo ni ya kanisa la Wakongomani. Mwaka jana tulimaliza wa pili.

Sheria. Mwaka ukiisha wachezaji wote wanakuwa huru. Januari kila timu inatangaza itabaki na nani na itamwachia nani. Wachungaji wamekataza pesa, kwa hiyo mchezaji analipiwa kwa chakula, na chakula tunakula wote baada ya ibada. Derrick tulimbakiza kwa chapati. Tena, mambo yote ya usajili lazima yafanywe kwa Kiswahili, ili watoto wasiisahau lugha. Hapo ndipo ninapong'aa! Vijana wenzangu wanaelewa kila kitu lakini ukiwauliza swali wanajibu Kiingereza. Mimi husoma kamusi kabla ya kulala. Nimefika herufi M.

Mpango wangu wa msimu huu ni mwepesi. Derrick aende. Précieuse abaki.

Derrick anapiga mpira mbali kuliko mtu yeyote. Pia ananiita Prof mbele ya watu, na amekalia koti langu mara nyingi mno, haiwezi kuwa ajali. Précieuse hucheka akiongea naye.

Précieuse ndiye mrushaji wetu. Mpira wake unakuja kama umekasirishwa na mtu. Anakaa Sparkbrook, ni Mkongomani, na angeweza kabisa kuchezea Radi kwa binamu yake Gaston, lakini mwaka jana alikuja kwetu. Sababu haijulikani. Tunasoma shule moja. Agosti alitazama karatasi yangu ya matokeo ya mechi akasema nina mwandiko mzuri. Niliinama nikafunga kamba za viatu. Viatu havikuwa na kamba.

Siwezi kumwambia kwamba nataka abaki. Ni rahisi zaidi kuipanga upya timu nzima.

Jumapili, 11 Januari

Ibada ya pamoja na Wakongomani, katika ukumbi wa kukodi Sparkbrook. Mahubiri mafupi, mjadala wa usajili mrefu.

Auntie Roselyne, mwenyekiti wa mashabiki, alitangaza kwamba asiyemtaka Derrick ana shida na Mungu. Auntie hajawahi kuona mechi mpaka mwisho. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee na zamu yake huanza mchezo ukiwa katikati. Hilo halijampunguzia msimamo. Arnold, anayesomea shahada ya uzamifu ya takwimu, akasimama na mchoro kwenye simu kuthibitisha kwamba Derrick ni hodari kwa mipira ya juu tu, ya chini haioni. Arnold anashabikia timu fulani ya Marekani ambayo hajawahi kuiona ikishinda. Wanacheza yeye amelala, akiamka wameshashindwa. Auntie akamtazama kuanzia viatu mpaka miwani. "Na huo mchoro wako, Arnold, umewahi kukimbia?" Ukumbi mzima makofi. Mjadala ukaisha. Kwetu takwimu ya mwisho ni ya anayechekesha.

Kocha wetu Bwana Tejinder, ambaye kwa kweli ni mtu wa kriketi na alikubali kazi kwa sababu ni jirani wa mchungaji, alisema yeye anataka tu mtu anayejua anakokimbilia. Hapo alimgusa Derrick. Katika mechi yake ya kwanza Derrick alipiga mpira mzuri sana, kisha akakimbilia kituo cha tatu badala ya cha kwanza, akauzunguka uwanja wote kinyume. Tulishangilia mpaka sauti zikakauka. Nusu yetu hatukujua kwamba ni kosa.

Jambo moja la ajabu. Mama Lucie, mama yake Précieuse, aliniita jikoni. "Jairus mwana wangu, enda pale Ladypool Road, uniuzie vitunguu." Akanipa na noti, nadhani ya kurudishia wateja chenji. Nikatafuta vitunguu vya kumuuzia. Chini ya meza hakuna. Nyuma ya mlango hakuna. Kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo pia hakuna. Nikaona haya kumuuliza. Nikatoka nikasimama kando ya barabara kwenye baridi, nikimpa muda wa kubadilisha mawazo kuhusu biashara. Mwishowe Précieuse akatoka, akachukua noti mkononi mwangu, akaenda, akarudi na mfuko umejaa vitunguu! Kumbe wanavyo mahali. Sasa wanauza vya nini?

Kiswahili cha Mama Lucie kina makosa ya hapa na pale. Nimemsamehe kimoyomoyo.

Jumatatu, 12 Januari

Ujumbe kutoka kwa Gaston, nahodha wa Radi. "Jairus, bonjour. Nyiye mwaka huu munauza nani? Précieuse munamuuza?"

Wanamtaka! Nimeandika jibu, nikalifuta, nikaandika jingine, nikatafuta neno kwenye kamusi, nikarudi kwenye la kwanza. Hili hapa, kwa ajili ya kumbukumbu:

"Ndugu Gaston, salamu nyingi. Tunamuuza Derrick peke yake. Précieuse hatumuuzi. Hata mtupe Kingstanding nzima pamoja na nyumba zake, hatumuuzi."

Gaston akauliza kama kweli nasema hivyo, na kama Précieuse mwenyewe anajua. Nikamjibu kwa ujasiri ambao sikujua ninao kwamba amwambie, na amwambie kabisa kwamba maneno yametoka kwangu. Akaandika, "Bon. Kumbe uko na roho ya mawe."

Roho ya mawe! Sijawahi kusifiwa hivyo na nahodha yeyote.

Jumatano, 14 Januari

Précieuse amepata habari. Najua kwa sababu amebadilika. Asubuhi nilimkuta kwenye ngazi za shule akatazama ukuta mpaka nikapita. Maktabani nilikaa meza ya pili kutoka kwake. Akakusanya vitabu akahamia meza ya mwisho, karibu na mashine ya kuchapisha, ambako hakuna anayekaa kwa hiari. Amezidiwa na hisia. Watu wengine hufurahi kwa kujitenga. Namwachia nafasi.

Kero ya leo ni Derrick. Nilikuwa natoka shule, niko High Street mbele ya duka la viatu, nikasikia naitwa Prof kutoka ng'ambo ya barabara. Akavuka bila kutazama magari. Akanikumbatia! Miguu yangu iliacha ardhi. "Buda, sikujua unanikubali hivyo! Gaston ameniambia kila kitu!" Eti Gaston amemweleza kwamba katibu Jairus ameandika anamtaka Derrick peke yake na wengine wote wakafie mbali. Macho yake yalikuwa na maji. Ameapa kula chakula cha mchana na mimi kila siku. Mama yake ametuma chapati.

Ujanja wa Gaston huu! Hamtaki Derrick, kwa hiyo anajifanya hakuelewa. Nimemwandikia tena, safari hii bila adabu nyingi: "Narudia ili pasiwe na shaka. Derrick tunamuuza, tunamuuza, tunamuuza!"

Akajibu, "Tumesikia. Munamupenda sana huyo kijana."

Kejeli. Nimeipuuza.

Kwenye kundi la mashabiki, Auntie Roselyne ameweka picha yangu na kuandika kwamba hatimaye timu imepata kijana mwenye macho. Arnold amejiondoa kwenye kundi. Amerudi kuchukua mchoro wake. Amejiondoa tena.

Chapati zilikuwa laini. Sitasema zaidi.

Ijumaa, 16 Januari

Derrick amekula na mimi. Jana pia. Amenionyesha picha za mbwa wa shangazi yake aliye Nakuru. Mbwa wana majina, na alinitajia yote.

Wambui ameniambia Précieuse amemuuliza kama mimi namchukia. Nimecheka sana. Namchukia! Mtu niliyemkatalia Kingstanding nzima! Wambui akasema basi nenda umwambie unataka abaki, kwa Kiingereza, maneno mawili matatu, kesho mazoezini. Akaniuliza kwani kwenye maabara ya kemia mnaongea lugha gani.

Hawezi kuelewa. Kwenye maabara nimewahi kumwambia Précieuse neno moja la Kiingereza tangu Septemba, nalo lilikuwa "sorry", na nilimwambia bomba la maji badala yake kwa sababu alikuwa amesogea. Kiingereza kinanikimbia nikiona haya. Kiswahili nimekiweka akiba. Tena sheria ya ligi inasemaje? Usajili ni kwa Kiswahili.

Nimeandaa hotuba. Nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo. Mama alikuwa ametoka zamu hospitalini, akasimama nje ya mlango na viatu mkononi, akauliza ni nani amefariki.

Jumamosi, 17 Januari

Lazima niandike haya leo leo.

Mazoezi. Mvua nyembamba, matope. Bwana Tejinder alikuwa anawafundisha kupiga mpira kwa namna ambayo nina uhakika ni ya kriketi. Précieuse alikuwa peke yake kwenye benchi, glavu mapajani. Nikaenda. Mimi! Kwa miguu yangu! Derrick akanifuata nyuma kunitia moyo, ingawa sikumwomba.

Nikasimama mbele yake nikasema yote bila kusahau hata neno:

"Précieuse, nataka usikie kwa masikio yako mwenyewe. Mimi siwezi kukuuza. Derrick huyu ningemuuza leo hii, kwenye mvua hii hii. Lakini wewe? Mtu aniletee sinia za dhahabu, mimi kukuuza, hapana. Sikuuzi leo, sikuuzi kesho, sikuuzi mpaka naingia kaburini."

Derrick alipiga makofi. Alisema hajawahi kusikia mtu akimsifu hivyo, na kwamba maana yake Gaston alishamfafanulia.

Précieuse hakupiga makofi. Alinitazama kama mtu anayetazama basi lililompita kituoni. Kisha akauliza polepole, "Jairus, mimi nilikukosea nini?"

Nikamwambia hajanikosea kitu. "Ndiyo maana sikuuzi!"

Akavua kofia ya timu. Akaiweka mkononi mwangu. "Bon. Nimesikia." Akaondoka kuelekea kituo cha basi bila mwavuli.

Nimekaa na kofia hii kitandani tangu saa hizo. Bado ina maji. Nimefikiri sana na nimepata jibu. Ni mila. Bila shaka huko kwao msichana akiguswa sana na maneno ya mtu humpa kofia yake. Nimetafuta kwenye vitabu na sijapata pa kuthibitisha, lakini pia sijapata pa kukanusha.

Nina wasiwasi kidogo tu.

Jumapili, 18 Januari

Mimi ni mpumbavu! Mimi ni gunia!

Ibada ya pamoja tena, na kesho jioni dirisha linafungwa. Mama Lucie hakunisalimu. Nilimpa mkono, akaupita akamsalimu Wambui. Lakini jikoni vitunguu vilikuwa vimeisha na hapo karibu naye hapakuwa na mtu mwingine. Akanigeukia, mwiko mkononi. "Wewe unayekataa kuuza mtoto wangu, basi angalau uza vitunguu!" Akanisukumia noti.

Nikakusanya ujasiri wote. Nikamuuliza kwa heshima hivyo vitunguu vya kuuza viko wapi.

"Viko wapi? Viko dukani! Kama vingekuwa hapa, ningeviuza vya nini?"

Nikasimama na ile noti. Nikamuuliza taratibu kwamba, Mama, kuuza ni kufanya nini? Akanitazama kama mtoto aliyeanguka na kichwa. "Unatoa feza, muntu anakupa kintu, umeuza. Unatoa kintu, anakupa feza, umeuzisha. Shuleni munafundishwa nini?"

Kwao kuuza ni kununua.

Kuuza ni kununua!

Sikumbuki nilivyofika Ladypool Road. Niliporudi nilimkabidhi mfuko, nikajifungia chooni na simu, nikasoma jumbe zangu zote upya kwa macho ya Gaston. Nimemwambia tunamnunua Derrick peke yake. Nimemwambia Précieuse hatumnunui hata tukipewa Kingstanding kama nyongeza. Nimemwambia ampelekee habari hizo na ataje jina langu! Kisha nikaenda mwenyewe, kwenye mvua, kumwambia msichana usoni kwamba sitamnunua hata nikipewa sinia za dhahabu za kumlipia. Mpaka kaburini! Na alipouliza kosa lake nikamjibu kwamba hana kosa, ndiyo maana!

Roho ya mawe. Haikuwa sifa.

Mama Lucie aligonga mlango kuuliza kama nimeuza na vitunguu swaumu.

Baadaye, nyumbani. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimepata mpango. Shida yote ilikuwa kwamba nilitumia Kiswahili changu. Sasa nitatumia chake! Nimejifungia chumbani. Wambui amegonga mara kadhaa akisema ana jambo la kuniambia kuhusu Précieuse. Nimemwambia asinivurugie, naandika. Amegonga tena. Nimeweka kiti mlangoni.

Ujumbe umekwenda:

"Précieuse, nisamehe kwa yote niliyosema. Nilikosea. Sasa nasema wazi: nataka kukuuza. Nitakuuza kesho, mbele ya kanisa lote. Ukweli ni kwamba nilitaka kukuuza tangu Agosti."

Amejibu hapo hapo. "Sawa."

Neno moja. Mwenye furaha nyingi haandiki mengi. Nimelala nikitabasamu, yaani nitalala sasa.

Jumatatu, 19 Januari

Jambo ambalo Wambui alitaka kuniambia ni hili.

Jana, nilipokuwa dukani kuuza vitunguu (kununua! sasa hata mimi sijui), Wambui na Précieuse walikaa kwenye ngazi za ukumbi. Précieuse alimweleza yale ya benchi, analia. Wambui akamwambia subiri kwanza, kwetu kuuza ni kumtoa mtu na kupokea malipo. Précieuse akamfanya arudie. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Akauliza, "Kwa hiyo hata kwa sinia za dhahabu hangenitoa?" Akaomba Wambui amfundishe maneno mengine ya Kikenya, kwa sababu, eti, kuna mtu anaongea kama kitabu na yeye angependa kumwelewa. Akaenda nyumbani akiimba. Mama Lucie alikuwa tayari kupika chakula cha kumbakiza binti yake Kings Heath.

Usiku akapata ujumbe wangu, akausoma kwa Kikenya.

Kwamba nataka kumuuza. Mbele ya kanisa lote. Tangu Agosti.

Leo jioni, kabla dirisha halijafungwa, Gaston alikuja mlangoni kwetu na sufuria kubwa ya sombe, majani ya muhogo. Précieuse amemwomba mwenyewe amhamishie Radi. Gaston alikuwa mpole. Alisema hakuelewa jinsi kijana mmoja anavyoweza kukataa kununua mtu Jumamosi na kumuuzisha Jumapili, lakini kila taifa na desturi zake. Mama hakujua sufuria ni ya nini. Amekula sahani mbili na kusema Wakongomani wanajua majani.

Kwenye kundi la mashabiki, moto! Auntie Roselyne ameitoa picha yangu. Ameuliza ni katibu gani anamtoa mrushaji bora wa ligi nzima kwa mboga. Arnold amerudi na mchoro mpya. Ndani yake kuna mstari unaoshuka, nao una jina langu. Bwana Tejinder ameandika tu kwamba hata kwenye kriketi asingefanya hivyo.

Aliyenitetea ni mmoja. Derrick. Ameandika kwamba Prof ana sababu zake na atakayemgusa atapambana naye. Ameweka na picha ya mbwa.

Jumatano, 21 Januari

Nimekaa siku nzima nikitafakari ili nipate funzo. Nimelipata! Kiswahili kimegawanyika mno. Huwezi kufungua moyo kwa lugha ambayo ng'ambo ya ziwa inageuka. Inatakiwa lugha moja, yenye chuo cha kuilinda, yenye kamusi moja, na ambayo Précieuse anaijua tangu utotoni.

Wambui alidhani nitasema Kiingereza. Masikini.

Kifaransa! Nimeazima kitabu maktaba ya High Street. Nimefika ukurasa wa kumi na moja.

Saa kumi na moja jioni kengele ya mlango ililia. Précieuse! Amekuja kurudisha jezi ya Mwewe, imefuliwa na kupigwa pasi. Mama alimkaribisha sebuleni, akampa chai. Wambui alipanda ngazi mbio akaniambia tayari amemweleza Précieuse kila kitu, vitunguu, kamusi, yote, na Précieuse ameketi pale chini anangoja tu nishuke niseme chochote kwa lugha yoyote. Hata salamu. Hata kukohoa. Gaston amekubali, ingawa dirisha limefungwa, kumrudisha Mwewe kabla ya leo usiku kwisha, mradi katibu aseme.

Nilimwambia nashuka sasa hivi, namalizia sentensi.

Derrick alikuwa hapa juu na mimi. Siku hizi yuko hapa juu na mimi. Nilitaka kumwambia Précieuse kwamba nimemkosa tangu ahame, yaani namkumbuka. Kitabu kinasema manquer ni kukosa. Je ni mimi. Te ni wewe. Ni hesabu ya kawaida! Nikaandika: "Je te manque."

Derrick akasoma juu ya bega langu akasema, "Prof, ngoja. Hiyo kwa Kifaransa inaenda kinyume. Hapo umemwambia yeye ndiye anakukosa wewe." Akasisitiza. Akataka kunionyesha kwenye daftari lake. Ni kweli Derrick anaongoza darasa la Kifaransa. Lakini huyu ni mtu aliyepiga mpira akakimbilia kituo cha tatu. Kwake kila kitu kinaenda kinyume! Nikamshukuru kwa upole, nikaendelea.

Nilipomaliza kuweka alama zote mahali pake nilisikia mlango wa mbele unafungwa. Nikachungulia dirishani. Précieuse alikuwa anatembea kuelekea kituo cha basi, polepole, anageuka nyuma mara kwa mara. Ningeweza kumwita. Dirisha lilikuwa wazi kabisa. Lakini ujumbe ulikuwa tayari, na ni vibaya kumpigia mtu kelele barabarani wakati umemwandikia vizuri.

Nikautuma.

Alisimama chini ya taa ya barabarani. Akasoma. Akasoma tena. Akatazama juu dirishani kwangu. Niliinama, nikajifunga kamba za viatu. Nilikuwa na soksi tu.

Jibu limeingia sasa hivi, kwa Kiswahili: "MIMI? Nani amekuambia hivyo?"

Ameshangaa! Hakujua kama najua Kifaransa. Anataka kujua nani kanifundisha. Derrick ameketi kitandani ameziba uso kwa mikono miwili, bila shaka kwa aibu ya kunishauri vibaya. Nimemwambia simlaumu.

Mambo yanakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukurasa wa kumi na mbili una sura nzima ya namna ya kuomba radhi.